Wanasema nafasi za chuo zitapungua: nimlipe mtu wa Ijumaa au niuze parsele ya papa?

BARUA YA MSOMAJI

Mama,

Nakuandikia usiku huu, mashine zimenyamaza na mama yetu amelala, maana mchana siwezi kuyasema haya mbele ya watu wa nyumbani. Nina miaka 31, ni mshonaji hapa Katuba. Papa alifariki mwaka 2019 na tangu hapo mimi ndiye ninayebeba nyumba: mama, mdogo wangu wa kiume aliyemaliza sekondari mwaka huu, na mdogo wetu wa kike aliyebakiza miaka miwili.

Mdogo wangu amepata 62% kwenye Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, sehemu ya Bioloji-Kemia. Siku matokeo yalipotoka tulimmwagia poda hadi rangi ya shati haikuonekana. Papa alikuwa akisema tangu mtoto huyu yuko shule ya msingi kwamba huyu ni daktari. Kila mtu mtaani anamwita Docteur. Mimi pia ninamwita hivyo.

Shida ilianza wiki ile ile. Mjomba wetu anaishi California zaidi ya miaka ishirini. Nilipompigia kumpa habari njema, akasema tufanye haraka: serikali ikikata bajeti, vyuo vyake hupunguza nafasi, yeye aliliona hilo mwaka 2009, watoto wenye alama nzuri waliachwa nje. Kesho yake nikasikia redioni kwamba fedha za elimu ya juu hazitoshi, kwamba makuta yanakwenda vitani na kwenye shule za msingi. Tangu siku hiyo usingizi wangu ni wa vipande vipande.

Halafu akaja mtu kwenye karakana yangu, ameletwa na mteja. Anasema anajua watu wa ndani, anaweza kumwingiza mdogo wangu fakulte ya udaktari bila kupita mtihani wa kuingia. Anataka dola 350. Amesema orodha inafungwa Ijumaa, na baada ya hapo tusimlaumu.

Kuna pia chuo kimoja cha binafsi. Wao hawana maneno mengi: dola 850 kwa mwaka, njoo na diploma ya sekondari. Nimepiga hesabu. Udaktari miaka sita ni 5,100. Akiba yangu ni 1,150. Kuna mnunuzi wa parsele ya papa, kile kiwanja cha upande wa njia ya Kasapa, anatoa 4,000. Jumla 5,150. Inatosha kabisa. Lakini parsele hiyo papa aliinunua mwaka 2003 alipoondoka kazini Gécamines, kampuni ya migodi, na mama hataki hata nimalize sentensi. Anasema hapo ndipo papa yenu amebaki. Karatasi zote bado ziko kwa jina la papa.

Rafiki yangu mwingine anasema tumpeleke Zambia, Kitwe si mbali. Sijui.

Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu makuta yaliisha. Nilikuwa na vitabu vyote, nilikosa transhi ya mwisho tu, awamu moja ya ada. Sitaki yeye apite hapo. Juzi aliniambia eti hata kazi ya maabara angeipenda, anapenda kuangalia vitu chini ya darubini. Nilimwambia anyamaze, papa hakusema maabara.

Niambie ukweli, mama. Nafasi zitapungua kweli? Nimlipe huyu mtu? Niuze? Au mtoto akae nyumbani mwaka mmoja tuone hali itakavyokuwa?

Yaya wa Katuba, Lubumbashi


JIBU

Yaya mpendwa,

Asante kwa kuandika kila namba. Wengi hutuandikia kwamba makuta hayatoshi, basi, na hapo hatuna pa kushika. Wewe umeweka 350, 850, 1,150 na 4,000 mezani, kwa hiyo tunaweza kuzungumza.

Nikikuelewa vizuri, una hofu moja na milango mitatu. Hofu ni kwamba bajeti ikikatwa, chuo cha serikali kitabana mlango na mdogo wako atabaki nje. Milango ni mtu wa Ijumaa, chuo cha binafsi kwa gharama ya parsele, na kungoja. (Zambia umeitaja kama mtu anayetaja mvua iliyonyesha mbali.) Ila ukitazama, milango yote mitatu inapata haraka yake kwenye ile hofu. Tuanze nayo.

Mjomba wako hakukudanganya. Mwaka 2009, jimbo la California lilipokata fedha za vyuo vyake, University of California ilipunguza nafasi za mwaka wa kwanza kwa takriban 2,300, na California State University, iliyo kubwa zaidi, ikapanga kupunguza wanafunzi wapatao 40,000. Novemba ya mwaka huo ada za University of California zikapandishwa kwa 32%. Kule, kila mwanafunzi mwenyeji huja na sehemu ya gharama yake inayolipwa na jimbo. Jimbo likiondoa sehemu hiyo, kiti cha mwenyeji kinageuka hasara. Chuo hupunguza viti, au hutafuta wanafunzi wa nje ya jimbo wanaolipa bei kamili. Hili la pili lilikua hadi wenyeji wakalalamika, na mwaka 2017 kikawekwa kikomo cha wanafunzi wa nje.

Hapa kwetu Kongo hesabu imepinduka. Wanafunzi wa miaka ya 1970, vyuo vyote vilipokuwa mwili mmoja wa UNAZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, walikuwa na bursi (ufadhili wa masomo), kitanda na chakula cha kampasi. Hayo yalififia katika miaka ya 1980, na kufikia miaka ya 1990 ada ya mzazi ndiyo ikawa inawasha taa za chuo. Leo serikali hulipa mishahara ya wale walioingizwa kwenye orodha yake, wale tunaosema wamekuwa mekanize, na si wote wanaofundisha walio kwenye orodha hiyo. Fedha za uendeshaji, yaani umeme, dawa za maabara, karatasi, huja kidogo na kwa kuchelewa. Tena kinachopigiwa kura bungeni ni kitu kimoja, kinachotoka hazina ni kingine. Na uliyosikia redioni kuhusu shule za msingi yana mizizi: Katiba ya 2006, ibara ya 43, inasema elimu ya msingi ya umma ni ya bure, na tangu Septemba 2019 serikali ilipoanza kuitekeleza, mishahara ya walimu wa msingi imekuwa mzigo mkubwa sana. Chuo kimebaki nyuma kwenye foleni.

Sasa chuo kinachoishi kwa ada, kikikosa fedha za serikali, kitafanya nini? Kitachukua wanafunzi wengi zaidi, maana kila anayeingia anakuja mkononi na bordero ya benki, karatasi inayoonyesha kwamba amelipa. Makerere ya Uganda ilipita njia hiyo: mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilifungulia wanaojilipia, na kabla ya muongo kwisha walikuwa zaidi ya nusu ya wanafunzi wake. Kwa hiyo Yaya, kukatwa kwa bajeti peke yake hakuelekei kumfungia mdogo wako mlango wa nje. Kizingiti kinasogezwa ndani ya nyumba, na huko ndiko hofu yako ingefaa kuhamia.

Ndani kuna nini? Oditwari, ukumbi wa masomo, ya mwaka wa kwanza iliyojaa, ambapo anayefika saa moja na nusu anaandika amesimama. Vipindi vya maabara vinavyofanywa kwa makundi makubwa, mmoja anashika darubini na wengine wanaandika alichokiona. Wasaidizi wa walimu wanaolipwa primu, yaani posho, kutoka kwenye ada za wanafunzi, kwa hiyo ada ikichelewa, primu inachelewa, na kazi inasimama. Juu yake kuna migomo ya maprofesa, ambao hata baada ya makubaliano waliyofikia na serikali huko Bibwa wamelazimika kudai yaliyoandikwa humo. Mwaka uliopangwa miezi kumi unavutika hadi kumi na mitatu, na ile miezi mitatu ya ziada ni nauli na chakula ambavyo hakuna atakayekurudishia. Wewe ulianguka hapo hapo, kwenye transhi ya mwisho. Ulishaingia, kilichokushinda ni kukaa hadi mwisho.

Udaktari ni habari ya pembeni kidogo. Benchi unaweza kuongeza, lakini kitanda cha mgonjwa ambaye wanafunzi wamezunguka, mwili wa kufundishia anatomia na darubini haviongezeki kwa tangazo. Kwa sababu hiyo fakulte kama hiyo huweka mtihani wa kuingia, na ushindani wake ni wa kweli bajeti iwe nene au nyembamba. 62% ni alama nzuri kwa Exetat. Inampa haki ya kubisha hodi, haimpi kiti.

Kabla ya Ijumaa, tafuta nusu siku uende mwenyewe pamoja na mdogo wako. Mwende kwenye valve za fakulte, zile mbao za matangazo, na aparitora yake, ofisi inayoandikisha wanafunzi. Tafuteni mambo matatu. Kwanza, maelekezo ya mwaka ya waziri wa elimu ya juu, ile enstriksyo akademiki: humo mna tarehe, masharti ya kuingia na mambo ya ada. Likisemwa jambo lolote kuhusu orodha kufungwa, lilinganishe na karatasi hiyo na tangazo la chuo lenye muhuri. Pili, ratiba ya mtihani wa kuingia na masomo yanayoulizwa. La tatu watu hawalifanyi, nalo ndilo lenye faida kuliko yote: orodha za jiri, yaani matokeo yaliyotangazwa na kikao cha walimu, za mwaka jana za mwaka wa kwanza. Hesabuni majina kwa kidole. Wangapi walifanya sesheni ya mitihani, wangapi wamepanda mwaka wa pili. Uwiano huo utawaambia zaidi ya redio na mjomba na mimi. Halafu muulizeni mwanafunzi yeyote wa mwaka wa pili swali moja tu: mwaka wenu uliisha mwezi gani hasa?

Hapo hapo nakilini orodha kamili ya ada. Msiandike minervali, ile ada ya masomo, peke yake. Andikeni kila mstari: kujiandikisha, maabara, kadi, bima ikiwepo, na kinacholipwa kabla ya kila sesheni ya mitihani. Angalieni kama kiasi kimeandikwa kwa dola au kwa faranga, na ni kiwango gani cha kubadilishia kitatumika siku ya kulipa. Ulizeni transhi ni ngapi na ipi ndiyo inayofungua mlango wa mtihani. Mwanafunzi asiyemaliza transhi hiyo haandikwi kwenye sesheni, na kozi zile zinamfuata kama deni. Katika mfumo wa LMD (ngazi tatu za shahada: licence, masta, dokta) mwaka mmoja ni krediti 60, na deni la krediti za mwaka wa kwanza linakula muda wa mwaka wa pili.

Kisha ongezeni ambavyo havimo kwenye valve. Silabisi, yaani maandishi ya kozi, koti jeupe, na nauli. Tuseme kila safari ya taksi-basi ni faranga 1,000, kutoka Katuba anapanda gari mbili kwenda na mbili kurudi: ni 4,000 kwa siku, 20,000 kwa wiki ya siku tano, 640,000 kwa wiki 32. Weka nauli yenu halisi mahali pa 1,000 yangu. Hiyo ni bila mkate wa saa sita.

Sasa mtu wa Ijumaa. Sitakuambia ni mwizi, simjui. Tutazame tu kile anachouza. Anasema mdogo wako ataingia bila mtihani. Ili awe mwanafunzi kweli anahitaji faili yake aparitora, namba ya matrikile (usajili), bordero ya benki yenye jina lake, na jina lake kwenye orodha ya waliofaulu kuingia. Hiki cha mwisho ndicho kinachonunuliwa, na ndicho kinachooza. Chuo hupeleka orodha za wanafunzi na matokeo yao wizarani, na kuna udhibiti wa faili, watu wanauita kontroli ya skolarite, unaoangalia kama kila mmoja aliingia kwa masharti. Diploma ya chuo haiidhinishwi bila hilo. Mwanafunzi aliyeingia kwa dirisha anaweza kusoma miaka mingi akilipa kila transhi, kisha faili ikamkwamisha pale anapotaka karatasi. Hapo mtu wa Ijumaa atakuwa amebadilisha namba ya simu. Dola 350 ni karibu theluthi ya akiba yako, na hakuna mahali pa kudai kilicholipwa bila risiti. Kuna jambo jingine dogo. Kijana akiingia hivyo, kila anayeijua siri hiyo atakuwa na sababu ya kurudi kuomba.

Labda utaniambia wengine wamelipa na wanasoma. Huenda. Muulize basi huyo mtu atakuonyesha matrikile ya nani, na ya mwaka gani.

Chuo cha binafsi si dhambi, na kipo kinachofundisha vizuri kuliko cha serikali. Vingine vimefungwa na wizara kwa sababu havikuwa na kibali wala vifaa. Uliza kwa upole uone arete, hati ya wizara ya kukubaliwa kwao, tena ile inayotaja fakulte ya udaktari, maana chuo kinaweza kuwa na kibali cha sheria na uchumi pekee. Uliza wanafunzi wao wanafanya staji, mafunzo ya vitendo, hospitali gani, kwa barua gani ya makubaliano. Uliza kama kundi lolote limeshamaliza na kuandikishwa kwenye Oda ya Madaktari, chombo kinachosajili madaktari. “Njoo na diploma” bila maswali mengine si lazima uwe wema.

Rudi kidogo kwenye hesabu yako. Umeandika 5,150 toa 5,100, inatosha kabisa. Inabaki dola 50, Yaya. Hizo ndizo nauli, silabisi, koti, stetoskopu na staji za miaka sita, hapo tumechukulia kwamba ada haitapanda hata mara moja, kwamba hatarudia mwaka, na kwamba masomo hayatazidi miaka sita. Na katika miaka hiyo sita mdogo wenu wa kike naye atamaliza sekondari, akiwa na diploma yake mkononi, na parsele haipo tena. Sijaona jina lake popote kwenye hesabu.

Kuhusu parsele yenyewe kuna mambo mawili, moja la sheria na moja la mama. La sheria: karatasi ziko kwa jina la marehemu. Katika sheria yetu ya familia watoto wote wa marehemu ni warithi wa daraja la kwanza, na mjane ana haki zake. Kama mdogo wa kike hajafikisha miaka 18, sehemu yake hailindwi kwa sahihi yako tu. Ukiuza peke yako, mauzo yanaweza kupingwa kesho, na mnunuzi mwerevu analijua hilo. Pengine ndiyo maana bei yake ni 4,000. Kikao cha familia chenye maandishi na kuhamisha jina vinachukua muda na makuta kidogo, lakini hata kama mwishoni mtauza, mtauza kwa bei ya parsele yenye karatasi safi. Kati ya kuuza na kutouza kuna kuikodisha: kuna wanaotafuta mahali pa kulima mboga, pa kufyatua matofali (huyo wa matofali atakuachia mashimo, mwandikishane), au pa kuweka gari na vifaa.

La mama ni zito zaidi na mimi siwezi kulipima. Amesema hapo ndipo papa yenu amebaki. Je, mmewahi kumwonyesha hesabu, mstari kwa mstari, au amesikia tu neno “kuuza”? Inawezekana anachokataa ni kuharakishwa.

Kungoja mwaka mmoja kunakutia hofu kwa sababu unakuona kama mwaka wa kukaa barazani. Diploma ya serikali haiharibiki, mwakani itakuwa ile ile. Hatari yake ni nyingine: ada inaweza kupanda, kijana anaweza kupoa, na kijana wa miaka 18 asiye na ratiba huwa na marafiki wengi. Ukichaguliwa, uwe mwaka wenye kazi: asubuhi afanye kitu kinacholeta makuta, alasiri masomo, na mtihani wa kuingia uwe umeandikwa ukutani.

Hata akijaribu mwaka huu huu, kujiandaa ni kule kule. Wiki nane, saa mbili kwa siku, siku sita. Shida ya wengi wanaotoka Exetat ni kwamba wamezoea kuchagua jibu kati ya majibu yaliyoandikwa. Wanakariri aitemu za miaka iliyopita. Kwenye mtihani wa fakulte wanaweza kuombwa wakokotoe. Mpime leo usiku kwa swali hili: mfuko wa nusu lita wa maji ya chumvi ya 0.9% una gramu ngapi za chumvi? (Asilimia 0.9 ni gramu 9 kwa lita, kwa hiyo 4.5.) Akikwama, aanze na moli, uzimuaji na vipimo. Baada ya hapo jenetiki, mishale na miraba yake, kisha fizikia ya shinikizo na umeme. Kifaransa asikidharau: wengi wanajua jibu ila hawakuelewa swali.

Andaeni faili mbili kwa wakati mmoja. Nakala tano zilizothibitishwa za diploma au hati ya kufaulu, buletini (ripoti za shule) za miaka miwili ya mwisho, cheti cha kuzaliwa, cheti cha tabia njema, cheti cha afya, picha nane za pasipoti. Faili moja iende udaktari. Ya pili iende mahali pengine anapopataka, kabla matokeo ya mtihani hayajatoka. Kila mwaka kuna vijana wanaosubiri matokeo ya udaktari, wanakosa, wakigeuka wanakuta fakulte nyingine zimeshafunga uandikishaji. Mwaka wao unapotea kwa sababu ya karatasi tu.

Na faili ya pili iende wapi? Hapa naomba uniruhusu kuingia ndani kidogo. Barua yako ina sentensi moja uliyoipitisha haraka: anapenda kuangalia vitu chini ya darubini. Lubumbashi ina ISTM, chuo cha serikali cha ufundi wa tiba, ambako watu husomea maabara na uuguzi. UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ina fakulte ya sayansi, na ina udaktari wa wanyama. Fundi wa maabara aliyefundishwa vizuri anahitajika hospitalini, na katika mkoa huu wenye migodi, mikono iliyozoea kupima na kuandika haikosi mlango wa kugonga. Mwenzako asikudanganye kwamba anaweza kuanzia maabara kisha “akavuka” kwenda udaktari kama anayebadilisha basi: krediti hazihami zenyewe, fakulte inayompokea ndiyo huamua, na mara nyingi huanzishwa upya mwaka wa kwanza.

Sisemi aache udaktari. Nauliza tu: papa alipotamka neno daktari, mtoto alikuwa shule ya msingi. Huyu wa leo, mwenye 62% na darubini yake, ameshaulizwa na mtu ambaye hakumwita Docteur kwanza? Na ile transhi yako ya mwisho, iliyobaki bila kulipwa, je, ni yeye unayemlipia sasa, au ni wewe wa wakati ule? Yote mawili ni ya haki. Ila bei zake hazilingani.

Zambia kwa kifupi, maana umeitaja kwa kifupi. Kitwe ni karibu ukishavuka mpaka wa Kasumbalesa, lakini masomo ni kwa Kiingereza, diploma yake italazimika kutathminiwa na mamlaka ya huko, ZAQA, mgeni hulipa zaidi ya mwenyeji, na akirudi na shahada atahitaji ulinganisho wizarani Kinshasa. Kwa 1,150 sioni mnaanzia wapi, labda mjomba aingie. Likasi na Kolwezi pia zina vyuo vikuu vya serikali. Huko hesabu ya kodi ya chumba huwa kubwa kuliko ada. Bursi za Excellentia hutafuta alama za juu sana za Exetat, kwa hiyo usizitegemee kwa huyu. Mdogo wa kike bado ana miaka miwili, yeye aanze kuzisikia mapema. Na bursi yoyote inayodai malipo ili upewe fomu, muonyeshe anayeiuza njia ya kutokea.

Tukirudi kwa mjomba: kwa kuwa ana wasiwasi wa kweli, mpe kazi ya kweli. Mwulize kama anaweza kushika jambo moja tu linalojulikana tarehe yake, kwa mfano transhi inayofungua mtihani wa sesheni ya kwanza, kila mwaka, alipe moja kwa moja benki na kukutumia picha ya bordero. Watu wa mbali hutoa kwa urahisi zaidi wakijua ni karatasi gani wanailipia.

Ijumaa itafika, na yule mtu atakuja karakana. Kama utakuwa umeshasoma valve, utakuwa na tarehe zako mwenyewe mkononi. Unaweza kumuuliza maswali mawili: jina la nani litaandikwa kwenye bordero, na ni benki gani. Msikilize anavyojibu, mdogo wako akiwa ameketi hapo pembeni. Jioni mkae na mama, yeye, wewe na msichana pia, karatasi ya hesabu katikati, na kijana aanze kusema kabla yako.

Ukipata uwiano wa zile orodha za jiri, tuandikie tena. Tutazipiga hesabu pamoja.